Mzee Droo na Kingi Tatu

Tuelewane mapema, vijana wangu. Nimenyoa watu pale Manundu, Korogwe, miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo nimekata masikio matatu tu. Mawili yalikuwa ya mtu mmoja. Msiniulize alirudije baada ya lile la kwanza. Alikuwa mjomba wangu, na alikuwa hanilipi.

Kiti nimekwisha kukiacha. Mkono wa kulia umeanza kutikisika, na mteja akiona wembe unatikisika karibu na koo lake hukumbuka ghafla kwamba ana safari. Siku hizi nakaa barazani nje ya saluni ileile, nanyi mnapita na simu zenu mkinisalimia, "Shikamoo mzee, leo unamfunga nani?" Mnadhani drafti nimezaliwa nayo. Wiki iliyopita kijana anayenyoa kwenye kiti changu cha zamani aliniambia, "Mzee Bakari, wewe una kipaji." Kipaji! Mimi niliyeitwa Droo miaka mingi mpaka muuza maziwa akawa hajui jina langu! Hasira zile ndizo zilizonifanya niombe daftari kwa mjukuu wangu, nikae niandike.

Nitaanza na machungwa, maana bila machungwa hamtanielewa.

Nilipokwenda kwa Mzee Shekiondo kujifunza kazi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikitegemea siku ileile nishike mkasi. Mzee Shekiondo alikuwa mfupi, mkali, mtu wa Mazinde. Ujanani alikata mkonge, akauchukia mkonge, akalichukia na jua, akatafuta kazi ya kivulini. Alinipa wembe na kapu la machungwa ya Muheza.

"Menya," akasema. "Toa ile ngozi ya kijani peke yake. Ukigusa nyeupe, umemchana mteja. Ukifika kwenye maji, umemuua."

Siku ya kwanza niliua watu kumi na wanane. Mzee Shekiondo aliwala wote, mmoja baada ya mwingine, akisema marehemu hawatupwi. Kesho yake tumbo lilimsumbua hakuja kazini, na keshokutwa akaja na kapu jingine.

Nilipoanza kuweza kidogo, nikawa najivuna. Namenya chungwa zima linabaki jeupe kama yai, nalizungusha kila mtu alione. Mzee Shekiondo alilichukua, akageuza upande wa kikonyo, pale ngozi inapojikunja, akanionyesha mikwaruzo mitatu. "Tumbo la chungwa hata mke wangu analiweza," akasema. "Hapa kikonyoni ndipo penye sikio la mtu. Kuanzia leo humenyi chungwa. Unamenya vikonyo." Basi wiki tatu nikamenya vikonyo vitupu, chungwa kwa chungwa, na yaliyobaki tukawagawia majirani. Walikuwa wanapokea wakiniangalia kwa huruma, wakidhani nimerukwa na akili.

Miezi miwili sikugusa kichwa cha mtu. Nilipogusa, sikukata. Yale masikio matatu yalikuja baadaye kabisa, na yote yalisababishwa na drafti.

Ubao wetu wa drafti ulikuwa kipande cha mbao laini kilichopakwa rangi, umewekwa juu ya kreti la soda palepale barazani. Kete zilikuwa vizibo vya soda: vya kwako vimelala kifudifudi, vya mwenzako vimelala chali. Kizibo kikifika mwisho upande wa pili kinawekewa kingine juu yake, kinakuwa kingi, na kingi anakwenda mshazari mbele na nyuma mpaka atakapochoka mwenyewe. Na kula ni lazima. Mwenzako akikuwekea kete ya kuliwa, hata kama unaona wazi kuwa ni mtego, utaila tu. Hayo mnayajua wengi, lakini nayasema kwa ajili ya yule atakayelisoma daftari hili akiwa hajawahi kukaa barazani.

Mimi drafti nilijifunza kama wote tulivyojifunza, kwa kucheza. Mteja yuko kwenye kiti, povu limejaa usoni, mimi naomba dakika moja natoka kusogeza kete, narudi, natoka tena. Siku moja alikaa mwalimu mkuu wa shule fulani, mtu mwenye sharubu zake za heshima, akaniambia nyoa ndevu, sharubu usiguse. Nikatoka kusogeza kete. Kule nje nikaliwa tatu kwa mpigo. Nikarudi ndani na zile tatu kichwani, mkono unafanya kazi peke yake, na nilipozinduka nusu ya sharubu ilikuwa kwenye taulo. Yule mwalimu alijitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akasema, "Malizia." Wiki nzima alifundisha ameshika leso mdomoni. Wanafunzi wakaambiwa anaumwa jino.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi mnapojidanganya. Nilicheza drafti kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na sita, na mwaka wa kumi na sita nilikuwa nacheza vilevile kama mwaka wa pili. Niliwafunga walewale, muuza mitumba na fundi baiskeli. Nilifungwa na walewale. Nikishinda nilipiga kelele, nikishindwa nilipanga vizibo upya haraka haraka nisahau, na kosa nililolifanya asubuhi nililifanya tena jioni nikiwa na furaha zangu. Kelele niliongeza kila mwaka, na maneno ya kumkera mpinzani niliyajua mengi kuliko mtu yeyote Korogwe.

Kilichonimaliza kilikuwa ni mwisho wa mchezo. Mara nyingi nilikuwa nafika nina kingi tatu na mwenzangu amebaki na mmoja. Kwa sheria ya barazani kwetu, mwenye tatu anapewa hatua kumi na tano amkamate yule mmoja. Zikipita, ni droo, mnagawana aibu. Na mimi sikuwa namkamata. Nilikuwa namkimbiza ubao mzima, kona hii kona ile, watazamaji wanahesabu kwa sauti, "Kumi na tatu! Kumi na nne!" mpaka natoka jasho. Nilikuwa bahili wa kingi zangu. Nilitaka nimkamate nikiwa nazo zote tatu mkononi.

Aliyekuwa akinitesa zaidi alikuwa Mzee Mhando, fundi cherehani wa Chanika kule Handeni. Kwao ni Kang'ata, mtu mpole, mrefu, amenizidi miaka kama kumi. Kila Alhamisi alikuja Korogwe kununua vitambaa, na akishanunua alikuja kwangu kunyolewa na kucheza. Nikimbakisha na kingi mmoja alikuwa anakimbilia ule mstari mrefu unaokata ubao kutoka kona hadi kona, tunaouita barabara kuu, anakaa humo anapanda na kushuka polepole huku akinywa chai yangu. Siku moja tulitoka droo mara tano mfululizo. Akafuta miwani, akasema kwa upole wake, "Bakari, wewe jina lako sasa ni Droo."

Hapo lazima niwaeleze desturi. Kwetu jina likitolewa ubaoni, mbele ya watazamaji, limepita. Huwezi kulikataa, huwezi kununua soda ya kuliondoa. Atakayekuvua ni yuleyule aliyekupa, na sharti umfunge juu ya ubao wake mwenyewe. Ubao wa Mzee Mhando ulikuwa Handeni, na muda si mrefu goti lilimharibikia, akaacha kuja Korogwe. Mimi nikabaki na jina. Saluni ikaitwa Kwa Droo. Mke wangu akaitwa Mama Droo. Mtu akiuliza njia ya kwenda sokoni anaambiwa, pita kwa Droo, kata kushoto.

Nilikuwa nacheka na wenzangu. Lakini niwaambie ukweli, jina lilikuwa linaniuma. Kwa sababu nyumba yangu wakati ule ilikuwa imesimama kwenye linta, bila paa, mwaka wa tisa, popo wanaingia na kutoka, na kila nikipita nilikuwa nasikia kama nayo inaniita Droo.

Halafu binti yangu Mwanaidi akaposwa.

Waposaji walikuwa watu wa Mombo, watu wazuri, wana adabu. Ikapangwa sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti, ukumbi ukatafutwa, MC akapatikana, kijana wa Manundu niliyemnyoa tangu yuko darasa la pili. Ilikuwa imebaki miezi mitatu. Jioni moja Mwanaidi akaja kukaa karibu yangu, akawa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Baba," akasema, "siku ile MC ataita watu waseme neno. Ataita baba wa bibi harusi."

"Naam."

"Akikuita Mzee Droo mbele ya wakwe, mimi naingia chini ya meza."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Wataniuliza kwa nini baba yako anaitwa hivyo. Niwajibu nini? Kwamba baba huwa hamalizi?"

Wanangu, nimewahi kufungwa kete kumi na mbili bila kula hata moja. Haikuuma kama lile neno. Usiku wake sikulala vizuri, na asubuhi nikatangaza barazani kwamba kabla ya sendofu nitakwenda Handeni kuvuliwa jina. Watu walishangilia sana. Fundi baiskeli alisema atakuja kuhesabu zile kumi na tano.

Nikaanza kujiandaa kwa namna niliyoijua, yaani kucheza mara mbili zaidi. Asubuhi michezo sita, mchana sita, jioni mpaka kete zisionekane. Wateja wakaanza kwenda kwa jirani. Baada ya wiki mbili nikawa nimechoka, nimekonda, na droo ziko palepale.

Ndipo Mzee Shekiondo akaja kunyolewa. Alikuwa amekwisha kustaafu kwao Mazinde, mzee sana, anatembea na fimbo mbili. Drafti hakuijua hata kidogo. Kingi alikuwa anawaita "wenye kofia". Alikaa akanitazama nikicheza na muuza mitumba michezo minne, nikitoka droo mara tatu kwa ugonjwa uleule. Mwishowe, nilipomkalisha kwenye kiti nimnyoe, akaniuliza, "Hivi unakwama wapi?"

"Mwishoni, mzee wangu. Wakibaki watatu kwa mmoja."

"Na hapo unapokwama, kwa siku unapafikia mara ngapi?"

Nikahesabu. Mara mbili. Siku nyingine mara moja. Michezo mingine yote nilikuwa nacheza mambo niliyokwisha kuyaweza.

Akagonga fimbo chini. "Pumbavu! Siku nzima unamenya tumbo la chungwa!"

Nilisimama na wembe mkononi kama mtu aliyemwagiwa maji. Miaka yote ile nilikuwa nimeijua siri ya kazi yangu na sikuwahi kufikiri kuibeba hatua tatu kutoka kwenye kiti mpaka kwenye kreti la soda. Mzee Shekiondo akaja mwenyewe ubaoni, akafagia vizibo vyote kwa mkono wake, akaniambia nipange wale wenye kofia wanne tu, watatu kwa mmoja. "Hicho ndicho kikonyo chako. Menya. Na atafutwe mtu wa kukaa upande wa pili akuzuie kwelikweli, asikuonee huruma."

Asiyenionea huruma nilikuwa naye nyumbani.

Mama Mwanaidi alikuwa hajawahi kugusa drafti. Kwake drafti ilikuwa ni kitu kinachochelewesha kuni. Nilimwekea ubao jikoni, nikamwambia, "Wewe huyu mmoja. Kazi yako ni kukimbia tu." Akauliza anaruhusiwa kukimbilia wapi. Nikamweleza. Akaendelea kuchambua mchele kwa mkono mmoja na kukimbia kwa mkono wa pili.

Nilifanya kama tulivyofanya na machungwa, nikaanzia mwisho kabisa. Kwanza niliupanga ubao ikiwa imebaki hatua moja tu: natoa kingi yangu bure, yeye analazimika kuila, akitua tu, kingi yangu ya pili inamchukua. Hatua hiyo moja niliirudia mpaka nikawa naifanya huku naongea habari nyingine. Halafu nikarudi nyuma hatua mbili. Halafu tatu. Kila siku nilikuwa naongeza kidogo upande wa nyuma, na sikuendelea kabla ile ya jana haijakaa mkononi. Nikikosea, sikupanga upya kwa haraka kama zamani. Niliuacha ubao vilevile, nikachora kwenye daftari mahali kila mmoja alipokuwa, nikajiuliza nilipaswa kufanya nini, kisha tukairudia palepale. Nililijaza daftari zima makosa. Inakera sana, sitawaficha. Kucheza mchezo mzima kuna raha yake. Hii haina raha yoyote mpaka siku moja unaona mkono umejua.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kutoa. Kila ilipofika saa ya kumtoa kingi bure, vidole vilikuwa vinakataa. Nilikuwa namshika, namrudisha, namshika. Mke wangu alinitazama akasema, "Baba Mwanaidi, unamng'ang'ania huyo kama unamuoza." Halafu wote wawili tukageukia chumba cha pili, ambako Mwanaidi alikuwa anapanga nguo zake kwenye sanduku.

Tatizo likawa moja ambalo sikulitegemea. Kadiri nilivyozidi kujua kukamata, yeye alizidi kujua kukimbia. Wiki ya nne akagundua barabara kuu mwenyewe, bila kufundishwa, akaingia humo akasema, "Hapa kwangu. Niondoe." Nikajifunza kuiwahi kabla yake. Wiki ya sita akajua kukimbia pembeni. Wiki ya nane alikuwa ananiambia hatua yangu kabla sijaifanya, huku anakuna nazi. Tulipogombana mambo ya ukumbi hatukusemeshana siku mbili, lakini ubao tulicheza. Ilikuwa drafti ya kimya na alinitoa droo zote.

Hapa nivuke kidogo niseme na ninyi wa simu. Najua mnacheza drafti humo, na najua mkikosea mnabonyeza kile kimshale mnarudi nyuma. Wazee wenzangu wanawacheka, wanasema huo ni udanganyifu. Mimi siwacheki. Laiti tungekuwa na kimshale kile, Mzee Shekiondo asingeumwa tumbo. Ila ninyi mnarudi nyuma ili mshinde, basi. Rudini nyuma, mkae hapohapo penye kosa, mlitazame. Na ninyi vinyozi wa mashine, hali ni ileile. Mashine inakunyolea tumbo la chungwa. Nyuma ya sikio bado ni pako.

Turudi Handeni. Ilikuwa Jumapili, wiki moja kabla ya sendofu. Tulikwenda wanne: mimi, Mama Mwanaidi, muuza mitumba, na fundi baiskeli aliyekuja kuhesabu. Mzee Mhando alikuwa barazani pake Chanika, cherehani imefunikwa kitambaa, ubao tayari umefutwa vumbi. Habari zilikuwa zimemfikia, na watu wa Handeni walikuwa wamejaa, kwa maana kule nako watu wanapenda kuona Korogwe inaaibika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Droo. Karibu ukae."

Mchezo wa kwanza alinifunga. Mtu amefanya mazoezi ya mwisho zaidi ya miezi miwili, akafungwa mwanzoni! Watu wa Handeni walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Nikageuka kumwangalia mke wangu, akanifanyia ishara ya mkono, taratibu. Mchezo wa pili nilicheza kwa kujibana, bila kelele hata moja, na mchana ukaanza kuinama tukiwa tumebaki mimi kingi tatu, yeye mmoja.

Fundi baiskeli akasafisha koo. "Moja," akasema.

Niliiwahi barabara kuu kabla ya Mzee Mhando. Akainua macho kunitazama, akaenda pembeni. Nami njia ya pembeni nilikuwa naijua. Jikoni kwangu nilikuwa nimetukanwa humo mara mia. Tano. Nane. Kumi na moja. Mikono ilikuwa imetulia kuliko nilivyowahi kuiona hata nikiwa na wembe. Kumi na tatu. Ilipofika ya kumi na nne nikamshika kingi wangu mmoja, nikamtoa bure mbele yake, na safari hii vidole havikukataa. Mzee Mhando akauona mtego, lakini kula ni lazima. Akala. Nami nikamchukua.

Sikupiga kelele. Nilishika ukingo wa ubao nikahisi machozi yananijia, na sikuona haya.

Mzee Mhando akavua miwani. "Nimekuvua jina," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Kuanzia leo wewe ni Bakari kama ulivyozaliwa." Kisha akaniuliza, "Nani alikuwa anakukimbia? Mtu hajifunzi kukamata hivi peke yake."

Nikamwonyesha mke wangu.

Watu wakacheka tena. Mzee Mhando hakucheka, akasogeza kiti. "Mama, karibu. Mimi tatu, wewe mmoja. Nataka nione."

Mama Mwanaidi akakaa, akaweka mkoba mapajani, akajitengenezea mtandio. Na nikaelewa jambo lililokuwa limefichika miaka yote. Mzee Mhando alikuwa fundi wa kukimbia. Mimi ndiye niliyempa mazoezi hayo, kila Alhamisi, na chai juu. Lakini mazoezi ya kukamata hakuwahi kuyafanya, maana yeye wapinzani wake alikuwa anawamaliza mapema, hawafiki huko. Alipoanza kumkimbiza mke wangu, nilimwona akifanya kosa langu la wiki ya kwanza, halafu la wiki ya pili. Namba ya ukurasa kwenye daftari ningeweza kuwatajia. "Kumi na tatu! Kumi na nne!" Na mke wangu anateleza tu, kama anayechambua mchele.

"Kumi na tano. Droo!"

Wakarudia. Droo. Wakarudia mara ya tatu, Mzee Mhando ametoka jasho. Droo.

Mke wangu akasimama, akashika mkoba. "Mzee wangu," akasema kwa adabu zake zote, "mimi sina maneno. Ila lile jina uliloliondoa kwa mume wangu naliona limelala hapo ubaoni, halina mwenyewe. Mimi nyumbani silirudishi."

Mzee Mhando akatazama ubao, akatazama mashahidi. "Limetolewa ubaoni," akasema, akainamisha kichwa. "Limepita."

Sasa sendofu. Ukumbi umependeza, wakwe wa Mombo wamekaa meza za mbele na kanzu zao nyeupe, Mwanaidi amekaa jukwaani anang'aa kiasi kwamba nilikuwa siwezi kumtazama kwa muda mrefu. MC alikuwa ameandikiwa jina langu kwenye karatasi, Mzee Bakari Mbwana, kwa herufi kubwa, na Mwanaidi mwenyewe alimsomesha mara tatu. Hotuba nilikuwa nimeifanyia mazoezi wiki nzima, nikianzia mwisho.

Kijana akashika kipaza sauti. Alikuwa na furaha, muziki umepanda, ulimi ukafuata njia uliyoizoea tangu darasa la pili. "Sasa namwita baba wa bibi harusi! Mzee wetu! Mzee Droooo!"

Nikaona uso wa binti yangu ukishuka. Meza za wakwe zikaanza kuulizana. Nikabaki kwenye kiti.

Kule nyuma karibu na mlango kiti kikakwaruza sakafu. Mzee Mhando, niliyemwalika, akasimama. Akatembea na goti lake bovu katikati ya ukumbi mzima, polepole, kanzu imepigwa pasi vizuri, akafika mbele, akapokea kipaza sauti kwa MC aliyebaki mdomo wazi.

"Nimeitwa," akasema. "Mimi ndiye Droo, fundi cherehani, wa Chanika, Handeni. Jina hili nimepewa na mama wa bibi harusi, ubaoni kwangu, mbele ya mashahidi, na ni halali yangu. Baba wa bibi harusi anaitwa Bakari Mbwana. Mimi nimecheza naye, namfahamu. Huyu mtu akianza jambo, anamaliza."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mwanaidi akaficha uso kwa mikono, mabega yanatikisika, sijui analia au anacheka. Mzee Mhando akanifuata mpaka mezani na kunikabidhi kipaza sauti.

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Ile hotuba yote, mwisho wake, katikati yake na mwanzo wake, ikaniponyoka. Nikasema, "Ahsanteni sana, karibuni," nikakaa.

Mama Mwanaidi akaniinamia sikioni. "Baba Mwanaidi," akanong'ona, "hotuba hujaimaliza."